Spika ndogo kwa chumba kidogo cha Dodoma: pima chumba kwanza, dukani baadaye

Mleta uzi, Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Kuna swali halikauki mitandaoni: "Nina chumba cha futi kumi kwa kumi, nichukue spika gani?" Majibu yanayomiminika huwa ni majina ya kampuni na wati. Hakuna anayemuuliza mwenzake chumba kikoje, kitanda kiko wapi, anakaa umbali gani na spika. Nafungua uzi huu kwa sababu naamini hapo ndipo tunapotupa hela. Spika nzuri kwenye chumba isichokiweza inasikika vibaya kuliko spika ya kawaida iliyowekwa mahali pake.

Vyumba vyetu hapa Dodoma tunavijua. Tofali za saruji na plasta, sakafu ya tailizi, dari ya jipsamu, dirisha la aluminiamu lenye vioo vipana, na mara nyingi chumba ni mraba kamili. Humo hakuna kinachomeza sauti. Simama katikati ya chumba kitupu upige kofi moja: utasikia mlio mwembamba unaoruka kutoka ukuta huu hadi ule. Mlio huo utamng'ang'ania mwimbaji kila anapotamka "s", hasa kama umenunua spika yenye twita (kile kipaza kidogo cha sauti za juu) kali inayong'ara dukani.

Tuje kwenye besi, ndiko kwenye kesi yenyewe. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi joto 20. Chukua 343, gawa kwa urefu wa chumba mara mbili, utapata masafa (mitetemo kwa sekunde, yaani hezi) ambayo chumba chako kinayavimbisha. Chumba cha mita 3 ni 343 kugawanya kwa 6, yaani hezi 57. Kikiwa mita 3 kwa 3, urefu na upana vyote vinavimbisha hezi 57 ileile, na dari ya mita 2.7 inaongeza hezi 63 na ushee, palepale jirani. Sasa uzi wa A wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 55. Ndiyo maana ukiweka dansi la zamani, kuna noti moja inajaa chumba mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka, na noti inayofuata huioni. Mtu anasema spika mbovu, anaiuza, ananunua kubwa zaidi, na hali inakuwa mbaya maradufu.

Ukikaa katikati kabisa ya chumba hicho, hezi 57 hiyohiyo inapotea. Ukiegemea ukuta inakulemea. Weka wimbo wenye besi ya kutembea, halafu tembea taratibu kutoka ukutani hadi katikati. Usikie mwenyewe besi inavyokuja na kuondoka ilhali spika haijaguswa.

Kwa hiyo kwa chumba cha namna hii ushauri wangu ni wufa (ile koni kubwa ya besi) ya inchi 4 hadi 5 na nusu, isizidi hapo. Inchi 6 na nusu inafaa ukiwa na sebule, au chumba kirefu cha mita 3 kwa 4 na zaidi. Wufa ndogo haishuki sana kwenye masafa ambayo chumba kinayavimbisha, kwa hiyo chumba kinaiongezea kidogo pale inapopungukiwa, na mwisho wa siku unasikia besi iliyonyooka.

Jambo hili wenzetu walilijua zamani. Mwaka 1954 Edgar Villchur na kampuni ya Acoustic Research kule Massachusetts walitoa spika ya boksi lililozibwa kabisa, hewa ya ndani ikifanya kazi ya springi, na hapo ndipo boksi dogo lilipoanza kutoa besi ya kueleweka. Miaka ya 1970 wahandisi wa BBC wakatengeneza spika ndogo iitwayo LS3/5A kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo fundi mitambo anakaa amebanwa na vifaa pande zote. Boksi lake lina urefu wa sentimita 30 hivi na upana wa 19, limezibwa, wufa ni ya inchi 5. Walijua kwamba boksi hilo haliwezi kushuka chini sana, wakainyanyua besi kidogo tu kwenye masafa yaliyo juu kidogo ya hezi 100 ili sikio lisihisi upungufu. Spika ya kukaa ndani ya gari! Mwenye chumba cha futi kumi asione aibu kununua boksi dogo.

Suala la tundu la hewa. Spika nyingi za leo zina tundu la kupitisha hewa ya ndani ya boksi ili kuongeza besi, mbele au nyuma. La nyuma linataka nafasi, na katika chumba kidogo nafasi hiyo hakuna, maana kuna kabati, meza ya TV, ndoo ya maji. Ukiisukuma hadi ukutani, besi inakuwa nzito na yenye matope. Kwetu, tundu la mbele au boksi lililozibwa. Kama umeshanunua ya tundu la nyuma, usiiuze. Ziba tundu kwa soksi safi iliyokunjwa au kipande cha sponji, usikilize. Besi itapungua wingi lakini itasimama.

Mkishasoma hapa tuendelee, nimeacha amplifaya makusudi.

Mdau wa Kisasa

Mkuu heshima yako. Nina amplifaya ndogo ya kichina, wameandika wati 50 kila upande, na bajeti ya laki tano ya spika. Dukani nimeambiwa wati 50 ni kidogo, nitafute amplifaya ya wati 200 kwanza. Chumba changu ni mita 3 kwa 3.6, nakaa kama mita 2 kutoka kwenye spika. Nifanyeje?

Mleta uzi, Ilazo

Mkuu, amplifaya yako inatosha, laki tano yako yote ielekee kwenye spika.

Nyuma ya boksi au kwenye karatasi ya spika kuna namba ya desibeli, mara nyingi 84 hadi 90. Maana yake: ukiipa spika volti 2.83, ambayo kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni wati 1, ukasimama mita 1 mbele yake, inatoa sauti ya kiasi hicho. Tuseme yako ni 86. Wati 1 tu inakupa desibeli 86 mita moja. Mita mbili ndani ya chumba inapungua kidogo, lakini spika zako ni mbili na kuta zinarudisha sauti. Hiyo tayari ni sauti ya mtu kuongea kwa nguvu ili asikike. Kila unapotaka kuongeza desibeli 3 unazidisha wati mara mbili, na desibeli 10 zinataka wati mara kumi. Wati 10 ni muziki wa kugongewa mlango. Zinazobaki ni akiba ya ngoma zinazopiga ghafla.

Zingatia kwamba hizo wati 50 walizoandika huenda ni za spika ya omu 4 na umeme wa juu kabisa wa adapta. Angalia adapta yako: kama imeandikwa volti 24 na ampia 4, ni wati 96 jumla kwa pande zote mbili, na hakuna amplifaya inayotoa zaidi ya inachopewa. Kipimo hikihiki kitumieni kwenye sabufa za dukani zilizoandikwa wati elfu na kitu. Geuza nyuma, soma kibandiko cha umeme. Kikisema inakula wati 60, hizo elfu ni za kwenye katoni tu.

Chagua spika ya desibeli 86 kwenda juu, omu 6 au 8. Za desibeli 82 au 83 kama ile ya BBC ni nzuri sana lakini zinadai amplifaya yenye pumzi.

Na usiogope amplifaya ndogo, ogopa kuifungua hadi mwisho. Twita nyingi ninazoziona zimeungua, chanzo ni amplifaya ndogo iliyokamuliwa mpaka sauti inakwaruza, si amplifaya kubwa iliyofunguliwa kwa adabu. Sauti ikianza kukwaruza, rudisha.

Chumba chako si mraba, hiyo ni bahati. Mita 3.6 ni hezi 48 hivi, mita 3 ni 57, hazijabebana. Weka spika kwenye ukuta mfupi zipige kuelekea urefu wa chumba.

Mdau wa Majengo

Wakuu mimi napingana kidogo. Muziki bila besi ya kusukuma kifua si muziki. Nina sabufa ya inchi 8 chumba cha futi kumi na nafurahia kabisa. Hizi spika ndogo nimezisikia kwa jamaa, zinasikika kama redio.

Mleta uzi, Ilazo

Ndugu yangu, raha yako siipingi, na sabufa si adui. Nitakuomba jambo moja: toa sabufa kwenye kona. Kona ni kuta mbili na sakafu kwa pamoja, kila kimoja kinaongezea besi, na hezi 57 zako zinavimba kupita zote. Sogeza kando ya ukuta, mbali kidogo na kona, punguza kitufe cha besi mpaka usijue sabufa iko wapi. Ukimaliza, sikiliza gitaa la besi kama unaweza kuifuata noti moja moja kama mtu anavyofuata maneno ya wimbo. Ukiweza, mfumo wako umekaa sawa na hauna haja ya ushauri wangu.

Kuhusu spika za jamaa yako, muulize zilikaa juu ya nini na nyaya zilifungwaje. Waya wa spika moja ukigeuzwa, nyekundu ikaingia kwenye nyeusi, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi yote inajifuta. Hiyo sauti ya "kama redio" mara nyingi ndiyo hiyo.

Mdau wa Nkuhungu

Kaka mleta uzi, asante kwa somo. Mimi ni mpangaji, ukuta mmoja na mama mwenye nyumba, na mama yetu anaamka saa kumi kwenda sokoni. Napenda taarabu na kwaya, nasikiliza usiku kwa sauti ndogo. Nikishapunguza, muziki unakuwa mwembamba hauna mwili. Kuna dawa?

Mleta uzi, Ilazo

Dada, kosa hapo si la spika. Masikio yetu sauti ikiwa ndogo hupoteza besi kwanza. Amplifaya nyingi za zamani za Kijapani zilikuwa na kitufe kilichoandikwa Loudness kwa sababu hiyo, kinaongeza besi kidogo ukiwa umepunguza. Kama yako haina, ongeza besi kidogo kwenye programu ya simu unayochezea muziki.

Lakini dawa kubwa kwako ni kuzisogelea. Weka spika mezani au kwenye stendi, mita 1 hivi kutoka ulipo, nazo ziachane mita 1, uzigeuze zikutazame. Ukikaa karibu unasikia spika yenyewe kabla ukuta haujachangia, na kwa sauti ndogo unapata kila kitu. Chini ya kila spika weka vipande vya mpira au sponji ngumu, maana mtikisiko wa boksi hupitia mezani, ukaingia ukutani, ukamfikia mama. Besi ya chini ndiyo inayopenya tofali. Sauti ya mwimbaji haimwamshi mtu. Ndiyo sababu kwako nasisitiza boksi dogo, inchi 4.

Kwa hali yako hata spika zenye amplifaya ndani zinafaa. Edifier R1280T kwa mfano: wufa ya inchi 4, tundu liko mbele, wati 42 kwa jumla za kweli, unachomeka simu au kompyuta basi. Kwa kwaya nakuomba ujaribu kabla ya kulipa: chagua rekodi yenye sauti nne, sikiliza kama alto na tenori unaweza kuwatenganisha. Spika nyingi za bei nafuu hapo ndipo zinaposhindwa. Soprano unamsikia, besi unawasikia, waliokaa katikati wanakuwa uji.

Mzee wa Makole

Wanangu, nimewasoma tangu jana. Nimekaa na chuma cha kuunganishia redio ujana wangu wote, niongeze la kwangu.

Mnaonunua vitu vilivyotumika kutoka Japani, jihadharini na umeme. Kwao ni volti 100, kwetu 230. Kijana aliniletea amplifaya safi, haina hata mkwaruzo, kauziwa na duka moja wakamwambia achomeke tu. Alichomeka mara moja. Transfoma imeungua, na transfoma ya asili huipati. Geuza mashine usome nyuma, pameandikwa. Kama ni 100V, nunua transfoma ya kushusha, iwe na uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa, na iwe ya 100 kweli. Ya 110 inaipa moto zaidi ya ilivyopangiwa. Matoleo yaliyotengenezwa kwa soko la nje mengine yana swichi nyuma ya kuchagua 110 au 220, hayo hewala. Zilizotoka Uingereza hazina shida, umeme na plagi ni kama zetu.

Spika kuukuu, ondoa grili uangalie pete inayozunguka koni. Ya mpira inadumu. Ya sponji huoza yenyewe baada ya miaka kumi na kitu hata kama spika imekaa kabatini. Iguse kwa ukucha taratibu. Ikiacha unga kidoleni, umenunua kazi ya fundi. Halafu weka vidole pande mbili za koni, ibonyeze polepole sawasawa. Inatakiwa ishuke kimya. Ukisikia inakwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda, achana nayo. Kama una mita ya fundi ya kupimia omu, pima: spika ya omu 8 inasoma karibu 6, ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, imekufa.

Na betri ndogo ya volti 1.5 itawatatulia habari ya nyaya. Gusisha chanya kwenye nyekundu, mara moja tu. Koni ikiruka mbele, iko sawa. Fanya zote mbili.

Mleta uzi, Ilazo

Shikamoo mzee wetu. Hayo ya pete ya sponji yaokoe watu. Ninaongeza vumbi letu la kiangazi. Upepo ukianza, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye vitufe vya sauti vya amplifaya na vinaanza kukwaruza. Acha grili kwenye spika wakati husikilizi, na usifute koni kwa kitambaa chenye maji. Brashi laini ya rangi, kavu, inatosha.

Mdau wa Manyoni

Mkuu kwetu umeme ni sola, betri ya volti 12. Naweza kupata mfumo wa maana bila inveta?

Mleta uzi, Ilazo

Unaweza, tena vizuri. Amplifaya ndogo zenye chipu ya TPA3116 zinakubali kuanzia chini ya volti 12 hadi 24 na ushee, umeme wa moja kwa moja, hazijali umetoka kwenye adapta au betri. Kwa volti 12 na spika ya omu 8 utapata wati 7 au 8 hivi kila upande. Ukichukua spika ya omu 4 unakaribia mara mbili. Kwa hiyo wewe ndiye wa kutafuta omu 4 na desibeli za juu, 88 na kuendelea. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya karibu na betri, na usikosee chanya na hasi hata siku moja.

Mdau wa Kisasa

Mkuu nimepata spika mbili za kujaribu, moja ya inchi 5, nyingine 6 na nusu, muuzaji amekubali nizisikilize zote. Nipigie nyimbo gani?

Mleta uzi, Ilazo

Huyo muuzaji mshikilie. Usipige wimbo wa duka, nenda na zako unazozijua kila pumzi.

Anza na rekodi ya zamani ya dansi kutoka studio za Radio Tanzania. Nyingi ni za mono, yaani spika zote mbili zinatoa sauti ileile. Ukikaa katikati ya spika mbili, mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa hewani, pasipo na spika yoyote. Akiwa ameegemea upande, au ametanda ukutani kote, kuna spika haifanani na mwenzake au waya umegeuzwa.

Halafu tafuta muziki wa Kigogo, tunao hapahapa. Rekodi za marehemu Hukwe Zawose zinafaa sana. Ilimba ina vyuma vinavyodundwa kwa kidole na ule mvumo wa kuzizima unaofuata kila noti. Twita mbovu inaugeuza mvumo huo kuwa mchanga unaomwagika juu ya bati. Twita nzuri inakuonyesha kidole kwanza, chuma, ndipo mvumo, vikiwa vitatu tofauti. Zeze nalo likisuguliwa utasikia upinde ukishika uzi. Baadaye weka muheme wa kina mama: ngoma ile ina pigo kavu juu na mwili chini. Ile ya inchi 6 na nusu itakupa mwili mwingi dukani, kwa sababu duka ni kubwa na liko wazi mbele. Usidanganyike, kwako patajaa. Sikiliza kama pigo linaanza na kuisha kwa wakati.

Zilinganishe kwa sauti iliyo sawa. Inayopiga kwa nguvu kidogo zaidi sikio huipenda bila sababu.

Ukifika nyumbani, anza sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani. Kwenye sentimita 60 ukuta unakufutia masafa ya hezi 143 hivi, na humo ndimo sauti ya mwanamume inamokaa, kwa hiyo ukiweza upakwepe. Tandika zulia kati yako na spika, vuta pazia zito dirishani, kitanda kiache chumbani maana godoro linameza sauti vizuri.

Mdau wa Kisasa

Nimechukua ya inchi 5, tundu la mbele. Sentimita 25 ukutani. Noti za besi naziona zote, hata jirani hajagonga. Imebaki stendi, kwa sasa zimekaa kwenye viti. Fundi wa kuchomelea aniwekee urefu gani?

Mleta uzi, Ilazo

Hongera sana mkuu. Kaa kwenye kochi lako, pima kutoka sakafuni hadi sikioni, kwa wengi ni sentimita 90 na kitu. Twita iwe usawa huo. Spika yako ina sentimita 30, twita iko juu, kwa hiyo stendi itaangukia 65 au 70. Mwambie atumie bomba la mraba lenye nafasi ndani, kitako kipana kwa sababu ya watoto, na aache tundu juu la kumiminia mchanga ili chuma kisilie. Mchanga uanike juani ukauke kabisa kabla ya kuumimina, ukiwa na unyevu bomba litaliwa na kutu kwa ndani.